Mayai Yaliyomsemea Spika

"Ijulikane kwa viumbe wote wenye uhai, wenye miguu miwili, wenye minne, na wale wanaotambaa kwa sababu zao wenyewe! Kuanzia asubuhi hii, ndugu yenu huyu mnayemwona ameachana na ukatili wa dunia na kuzipokea kanuni tano za Buddha. Hataua kiumbe. Hatachukua asichopewa. Hatasema uongo. Na zile mbili zilizobaki ataziheshimu pia, pindi zitakapofafanuliwa!"

Tangazo hilo zito lilitolewa uani kwa Shangazi, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, na kijana aliyejifunga shuka ya njano begani. Shangazi, aliyekuwa akinoa kisu kwenye ukingo wa ngazi, hakuinua hata uso.

"Hiyo shuka yangu kakupa nani?"

"Nimeiazima, Shangazi."

"Kwa nani?"

"Kwa... kitanda."

"Na kitanda kilikubali?"

Hivyo ndivyo kanuni ya pili ilivyovunjika kabla ya ile ya kwanza kuanza kazi.

Kijana huyo shuleni aliitwa Spika, kwa kuwa mdomo wake haukuhitaji umeme. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na kama ilivyokuwa kila likizo, baba yake, ambaye kazi zilimweka mbali, alimpeleka kwa dada yake. Dada huyo, yaani Shangazi, alikuwa na biashara ya kuku yenye milango miwili. Kwa mlango wa mbele waliingia watu kununua vifaranga waliototolewa na mashine yake. Kwa mlango wa nyuma walitoka kuku wa nyama, wameshachinjwa, wamenyonyolewa na kufungwa kwenye mifuko. Katikati ya milango hiyo palikuwa na beseni la maji ya moto, na pembeni ya beseni, likizo zote zilizopita, alikaa Spika akinyonyoa.

Msomaji ambaye hajawahi kunyonyoa kuku asijifanye mjuzi. Harufu ya manyoya yaliyolowa maji moto haiingii puani na kutoka; inaingia, inapanga chumba, inaleta na samani. Spika aliwahi kurudi shuleni nayo, na wenzake wa bwenini wakahamisha vitanda vyao bila kusema neno.

Ndiyo maana, muhula ule, mwalimu wa dini alipofika kwenye sura ya Ubuddha na kusema kwamba kanuni ya kwanza ni kujiepusha na kudhuru chenye uhai, Spika, ambaye kwa kawaida alilitumia somo hilo kulala, alifumbua jicho moja. Akaisoma sura hiyo mwenyewe, kwa hiari, jambo lililowatia wenzake hofu. Aliisoma hadi mwisho wa kanuni tano. Kurasa zilizofuata, zilizoeleza kanuni hizo zimesimama juu ya nini, hakuzifikia kwa kuwa kengele ya chakula ililia.

Wala hakuona haja. Bweni lilikuwa limeshamfundisha sheria ni kitu gani. Sheria ni uzio. Kila uzio una tundu. Na kosa si kupita tunduni, kosa ni kukutwa na mwalimu wa zamu mguu mmoja uko ndani na mwingine nje.

"Kwa hiyo hunyonyoi," alisema Shangazi, akijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba.

"Moyo wangu hauniruhusu, Shangazi. Na tena, nisikufiche: Buddha alisema kuuza nyama si riziki njema."

Kaka Beseni, aliyekuwa akichochea moto, aliacha kuchochea. Yeye ndiye aliyeajiriwa pale, jitu la mtu, bega kama mlango wa kabati, na jina hilo alilipata kwa kujikinga mvua na beseni la kazini. Kwenye familia ile hakuna aliyewahi kuisema riziki ya Shangazi na akapata chakula siku hiyo.

"Ahaa," alisema Shangazi. "Na hivyo viatu ulivyovaa vimetokana na riziki gani?"

Spika akavitazama viatu vyake.

"Vivue."

"Alisema pia tuwe na subira na watu," alisema Spika.

Aliyecheka kwa sauti alikuwa Wakili. Huyu alikuwa binti wa Shangazi, nyuma ya Spika kwa darasa moja na mbele yake kwa mambo mengine yote. Jina hilo alipewa na mtaa mzima tangu utotoni, siku alipomhoji muuza mkate mpaka mwenyewe akakiri mkate ni wa jana.

"Na ile ya tatu uliyoiruka inasemaje, kaka?" aliuliza Wakili.

Spika akakohoa. "Hiyo ni ya watu wazima."

Mchana Shangazi alipakua kuku wa mchuzi, akaweka mbele ya Spika bakuli la maharage. Spika akaliangalia bakuli lile kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa. Kisha akakumbuka kitu, uso ukanawiri.

"Mnajua," alisema, "Buddha hakuwakataza watawa wake nyama moja kwa moja. Mtawa aliruhusiwa kula nyama aliyopewa, mradi hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yake."

"Basi kesho," alisema Shangazi. "Leo ulimwona."

Kesho yake, Kaka Beseni alipotoa kuku kizimbani, Spika alikuwa ameshasimama akiutazama ukuta, macho kafumba, vidole vyote viwili masikioni, akiimba wimbo wa shule kwa nguvu. Kaka Beseni hakuona ajabu. Yeye mwenyewe alikuwa na utaratibu wake: kila kuku, kabla ya kisu, alimpapasa kichwa na kumwambia, "Samahani, mama. Kazi tu." Spika alikuwa akimcheka kwa hilo tangu likizo ya kwanza.

Mezani, paja lilitua kwenye sahani ya Spika. Akafungua mdomo.

"Hukuona?" aliuliza Wakili.

"Sikuona."

"Hukusikia?"

"Niliimba beti zote."

"Na kushuku?"

"Sishuku chochote."

"Maana mama asubuhi alisema, huyu jogoo mnene tumchinje, paja atalipenda Spika."

Spika akashusha mkono taratibu. "Sasa umenifanya nishuku! Umeniharibia paja zima!"

"Pole, kaka," alisema Wakili, akalihamisha paja kwenye sahani yake. "Mimi si mtawa."

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake kwa muda, kama mfanyabiashara anavyotazama kitu ambacho bado hajajua kitauzika wapi.

"Haya, baba," alisema. "Hutaki kuua, sikulazimishi. Basi utazaa."

Alimpeleka chumba cha mashine. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, balbu za kutia joto, karai la maji ili hewa isikauke, na trei za mayai, moja juu ya nyingine, mpaka macho yachoke. Kila yai lilikuwa na alama mbili za penseli: X upande mmoja, duara upande wa pili.

"Kuku akilalia mayai, anayageuza kwa mdomo," alieleza Shangazi. "Mashine haina mdomo. Wewe unao, tena mkubwa, lakini utatumia mikono. Asubuhi nikipita nione maduara juu. Jioni nione X. Yasipogeuzwa, kifaranga anaganda kwenye gamba, na hapo hakuna wa kumsaidia. Umeelewa?"

"Hii ndiyo riziki njema," alisema Spika kwa unyenyekevu.

"Joto na maji ni ya Kaka Beseni. Umeme ukikatika, anawasha jiko la mafuta. Kila mtu na lake. Si ndiyo, Beseni?"

"Ndiyo, mama," alisema Kaka Beseni, na sauti yake ikawa ndogo kuliko mwili wake. Mwaka uliopita umeme ulikatika yeye akiwa amesinzia, mayai yote yakapoa. Shangazi alimsamehe, ila alimwambia mbele ya watu kwamba ikitokea tena, kila mtu atashika njia yake. Wakati ule Kaka Beseni hakuwa na mtoto. Sasa alikuwa naye, mchanga, anayenyonya, kwa maneno ya baba yake mwenyewe, kama pampu ya kuvuta maji.

Siku za kwanza Spika aliyageuza mayai kwa heshima zote. Aliyaita "waheshimiwa." Alikaa mbele ya kioo amekunja miguu, mgongo wima, akitafakari. Chumba kilikuwa na joto la kubembeleza, balbu zikinong'ona, na ni kweli kwamba mara nyingine kichwa chake kiliinama. Msimulizi ana habari za uhakika kuwa hiyo ilikuwa tafakuri ya kina, na mate yaliyoonekana kwenye shati ni jambo linalowapata hata watu wakubwa.

Asubuhi moja alizinduka kutoka kwenye kina hicho akasikia ndara za Shangazi zikija. Mayai yote yalikuwa bado yanaonyesha X ya jana. Kuyageuza yote hakukuwa na muda. Lakini mfukoni mwake kulikuwa na penseli ya shule, risasi upande mmoja, raba upande wa pili, kama iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina yake. Mkono ukaenda wenyewe. Futa X, chora duara. Futa X, chora duara. Shangazi akaingizwa kwenye maongezi na mteja mlangoni, maongezi yakarefuka, na alipokuja kuchungulia kwenye kioo, trei zote zilimtazama kwa macho ya duara.

"Vizuri, baba," alisema Shangazi. "Kumbe una mikono."

Spika alisubiri dhamiri imsute. Haikumsuta. Badala yake alijikuta akivutiwa na usafi wa jambo lenyewe. Alikuwa amesema uongo? Hakusema neno. Kama kuna aliyesema, ni mayai, na mayai hayakuwa yamepokea kanuni yoyote.

Jioni akafuta maduara, akachora X. Asubuhi akafuta X, akachora maduara. Ukweli ni kwamba kufuta na kuchora kulichukua muda mrefu kuliko kugeuza. Lakini kugeuza kulikuwa kazi, na huku kulikuwa ujanja, na Spika hakuwahi hata siku moja kuchoshwa na ujanja. Ndani ya magamba, viumbe vidogo alivyoapa kutovidhuru vililala upande uleule, vikisubiri.

Ikafika asubuhi ya kumulika. Hii ni kazi ya kuangalia nani yuko hai. Shangazi alifunga pazia la chumba cha mashine, akawasha taa iliyofichwa ndani ya boksi lenye tundu dogo juu, na kuweka yai moja moja juu ya tundu. Yai zima likimulikwa huonyesha mishipa myembamba iliyotandaa kama mizizi, na katikati kitu kidogo kinachocheza. Wakili alishika trei. Kaka Beseni alisimama mlangoni, mikono imekunjwa. Spika alikaa nyuma, akijaribu kuwa na sura ya mtu anayependa maarifa.

Yai la kwanza: doa jeusi, limeganda, halichezi. Shangazi akaliweka kando. La pili, hivyo hivyo. La tatu likacheza, na wote wakatoa pumzi. Kisha yakafuatana mabaya, moja baada ya jingine, mpaka hakuna aliyetoa pumzi tena. Mwishowe trei ya wazima ilikuwa nyepesi kiasi kwamba Wakili aliishika kwa mkono mmoja.

Shangazi akazima taa, akafungua pazia. Hakupiga kelele. Wote walizoea kelele zake, na wangezipokea kwa shukrani.

"Kufa hivi," alisema, "kunaletwa na mambo mawili. Yai halikugeuzwa, au joto lilishuka." Akamgeukia Spika. "Wewe una la kusema?"

Spika akatafuta sentensi ya kweli. Aliipata haraka, alikuwa na kipaji hicho.

"Shangazi, si umekuwa ukichungulia mwenyewe asubuhi na jioni? Uliona nini?"

"Niliona yamegeuka."

"Basi mimi sina la kuongeza."

Kanuni ya nne, ile ya uongo, ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Na macho yote yakahama, taratibu, kwenda mlangoni.

"Juzi mchana umeme ulikatika," alisema Kaka Beseni. "Niliwasha jiko palepale, mama. Nilidhani niliwahi."

"Ulidhani."

"Nilikuwa na kuku mkononi. Nilimwachia, nikakimbia." Akakuna kichwa, akitazama sakafu kana kwamba juzi iko pale chini. "Labda sikuwahi. Labda nilisimama kidogo."

"Nilikwambia nini mwaka jana?"

"Uliniambia, mama."

"Mimi sikufukuzi kwa chuki, Beseni. Watu wameshaahidiwa vifaranga, nitawatazama vipi? Kunywa chai, halafu ukusanye vitu vyako."

"Sawa, mama," alisema Kaka Beseni, naye akaomba jambo moja tu: kama anaweza kuyatoa nje yale mayai yaliyokufa mwenyewe.

Jikoni, Spika alimiminiwa chai. Ilikuwa chai ya kila siku, sukari ya kila siku, lakini aliikoroga zaidi ya kuinywa. Wakili alikaa upande wa pili wa meza na kitabu cha dini, kile cha Spika mwenyewe, akifunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa ulimi.

"Hicho changu," alisema Spika.

"Nimekiazima kwa meza. Hizi kurasa zinazofuata kanuni mbona safi hivi? Hujazisoma?"

"Kengele ililia."

"Basi sikiliza. Kumbe hizi kanuni wala si amri."

"Si amri?"

"Hakuna aliyekuamuru. Mtu anajizoeza mwenyewe, kwa hiari yake. Na ukivunja, hakuna wa kukuchapa."

"Hakuna mwalimu wa zamu?"

"Hakuna."

Habari hiyo ilipaswa kumfurahisha. Badala yake Spika alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kama hakuna mwalimu wa zamu, hakuna wa kukwepwa. Kama hakuna uzio, hakuna tundu. Ujanja wake wote ulikuwa umesimama unamtazama, hauna pa kupita.

"Sasa kinachohesabika ni nini?" aliuliza.

"Nia," alisema Wakili, macho kitabuni. "Kilichokusukuma ndicho tendo lenyewe. Ukikanyaga sisimizi hukumwona, hilo ni jambo moja. Ukimkusudia, ni jingine, hata ukimkosa. Na uongo, wanasema, si mdomo tu. Ukikusudia mwenzako aamini kisichokuwepo, ukafanya ishara, akaamini, umeshasema. Hata kama ulinyamaza kama jiwe."

"Wanasema hivyo kweli?"

"Soma mwenyewe. Au hiyo kengele bado inalia?"

Spika akashika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa bado na hoja. Alikuwa na hoja tatu, nzuri, na ya tatu ilikuwa karibu kumshawishi mwenyewe. Ndipo kupitia dirisha la jikoni ikasikika sauti kutoka chumba cha mashine, sauti nene iliyojikunja iwe ndogo.

"Samahani, mama. Nilidhani niliwahi. Na wewe, samahani. Na wewe pia, samahani sana."

Kaka Beseni alikuwa akiyaomba radhi mayai. Moja moja.

Likizo ngapi Spika alikuwa amemcheka mtu huyu! Na sasa mtu huyu alikuwa amebeba kosa ambalo hakulitenda, analipapasa kichwa, analiomba msamaha, na yeye mwenye kosa alikuwa jikoni na sukari ya kutosha. Hoja ya tatu ikanyamaza. Ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshaondoka bila kuaga.

Stuli ikaanguka. Spika alivuka uani akiwa na ndara mguu mmoja. Kwa mazoea akapanda kwenye kreti la soda, akafungua mdomo, akajiona alivyo, akashuka. Akazungumza akiwa chini, kama watu wengine.

"Shangazi. Sikuyageuza."

Shangazi, aliyekuwa akifunga mifuko, akanyanyua uso. "Nini?"

"Mayai. Sikuyageuza."

"Mbona niliona mwenyewe asubuhi maduara, jioni..."

"Uliona penseli, Shangazi. Nilikuwa nafuta, nachora. Kaka Beseni hakukosa kitu. Joto lilikuwa sawa. Ni mimi."

Kaka Beseni alitokea mlangoni, yai mkononi. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, kaka."

"Una hakika? Maana mimi nilikuwa nimeshaanza kukumbuka jinsi nilivyochelewa."

"Hukuchelewa. Ungechelewa wapi, kaka, na wewe ulimwachia kuku?"

"Ni kweli nilimwachia," alisema Kaka Beseni kwa mshangao. "Mpaka leo hajaonekana."

Ndipo Wakili akaja kutoka jikoni, akatoa mfukoni yai moja, akaliweka juu ya kreti. Duara lilikuwa juu, na kulizunguka, kivuli cha raba. Akaligeuza. Chini pia palikuwa na duara.

"Nililiona nilipolitoa kwenye trei," alisema. "Yai lenye maduara mawili halina jioni."

"Ulijua muda wote huo?" Spika alihisi masikio yakichemka. "Ukakaa unanisomea kitabu?"

"Nilikupa mpaka kikombe kiishe."

"Na kama ningeomba cha pili?"

"Ningemwaga."

Shangazi alilishika yai, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alimwendea Kaka Beseni, akamshika mkono ule wenye yai. "Nisamehe, baba. Nimekuonea."

"Hapana, mama, hata mimi nilijionea," alisema Kaka Beseni, na kwa kuwa hakujua aangalie wapi, akaliangalia yai.

Spika alibaki amesimama akisubiri. Shule ilikuwa imemzoesha kwamba baada ya kukiri huja kiboko, baada ya kiboko mambo yanaisha, na watu wanaenda kula. Alingojea kiboko kwa hamu kabisa.

"Kufuta yote haya," alisema Shangazi hatimaye, "na kuchora yote haya, kila siku. Mwanangu, si ungeyageuza tu?"

Spika akanyoosha viganja vyote viwili.

"Nipe adhabu, Shangazi."

"Adhabu ya nini? Si nimemsikia Wakili hapo jikoni anasoma? Mwenye zamu hayupo." Akarudi kwenye mifuko yake. "Waliokufa, wamekufa. Waliobaki wanataka kugeuzwa jioni. Ukipenda."

Hilo "ukipenda" lilimuuma kuliko fimbo zote za muhula.

Jioni ile aliyageuza mayai machache yaliyobaki kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba macho ya watu. Asubuhi iliyofuata shuka ya njano haikuonekana uani. Alivuta stuli hadi kwenye beseni la maji moto, akamwambia Kaka Beseni, "Sogea kidogo, kaka." Harufu ikaingia, ikapanga chumba. Kaka Beseni akampa kuku wa kwanza, na Spika, kabla ya kugusa unyoya, akatazama kushoto na kulia kuona kama Wakili yuko karibu, akainama, akanong'ona kitu. Kaka Beseni alijifanya hakusikia.

"Ila bado kuuza nyama si riziki njema," alisema Spika baadaye, manyoya mpaka kwenye nyusi. "Hilo limeandikwa kweli."

"Najua," alisema Kaka Beseni. "Hata kuku wameniambia."

Walipotoka magambani, vifaranga walijaza kikapu kimoja tu, na Shangazi akawaendea wateja mmoja mmoja kuwaeleza, Spika akiwa nyuma yake amebeba kikapu na kurudia kwa kila mlango, kwa sauti ya kawaida, nani aliyefanya. Kifaranga mmoja alitoka na kidole cha mguu kilichopinda, hakuna aliyemtaka. Wakili akamwita Matokeo. Matokeo hakuwa na shaka juu ya mama yake ni nani: alimfuata Spika uani, jikoni, hadi mlango wa choo, akichechemea na kulia, na Spika akipunguza mwendo ili amfikie.

Hapa msimulizi alikuwa amejiandaa kuaga kwa heshima, baada ya kuusimulia mkasa wa watu wengine bila upendeleo. Lakini Wakili ana tabia mbaya ya kusoma maandishi ya watu kwa juu ya mabega yao, na amesoma yote, na ameuliza swali moja tu.

"Huyu Spika analala kitanda gani?"

"Ni mhusika, Wakili. Wahusika hawalali."

"Na hiki kifaranga kilicholala kwenye kiatu chako, nacho ni mhusika?"

Nimejaribu kunyamaza. Ananyoosha kidole kwenye ile sehemu ya mate na tafakuri ya kina, na kikombe changu cha chai kinakaribia kuisha. Haya, basi. Kila palipokuwa na "mimi" nilifuta, nikaandika "yeye," mstari kwa mstari, na ilikuwa kazi kubwa kuliko kusema. Ni mimi.

Na shuka ya Shangazi bado ninayo.